Sukari: Kutoka Mizani ya Tabibu hadi Sinia la Futari

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika mwezi wa Ramadhani wa mwaka mmoja uliopita, mzee mmoja miongoni mwa watu wa msikiti wetu aliishiwa nguvu baina ya Alasiri na Magharibi. Aliketi chini huku jasho likimtoka na mikono ikimtetemeka. Wote tulijua kuwa ana kisukari, na kwamba tabibu wake alikwishamwambia asifunge, lakini aliona haya kula mchana hali ya kuwa wajukuu zake wamefunga. Kijana mmoja aliyekuwa karibu alielewa kilichompata, akamnywesha maji ya sukari, na baada ya muda mzee akarudiwa na nguvu zake.

Tulipomzuru siku ya pili tulimuuliza alikuwa akifuturu kwa nini. Akatutajia uji wa sukari, kaimati, tambi, viazi vitamu vya nazi, na sharubati bilauri mbili au tatu. Tulipomnasihi apunguze, alitujibu kwa upole kuwa hivyo ndivyo walivyofuturu wazee tangu zama za Mtume (s.a.w.), na kwamba futari isiyo tamu haina Sunna ndani yake.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Je, ni kweli kwamba sukari imekuwa katika masinia ya Waislamu tangu mwanzo? Na ilifikaje kuwa kitu cha kila siku? Tumerudi katika vitabu vya historia, vya tiba na vya fiqhi, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Mafungu matatu ya chakula

Wanafunzi wa fiqhi ya Imam Shafi wanaujua vyema mlango wa riba katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277). Hapo anaeleza maana ya chakula, kwamba ni kitu kinachokusudiwa kuliwa ama kwa kujikimu, ama kwa kujiburudisha, ama kwa kujitibu. Imam alikuwa akizungumzia hukumu za biashara, wala hakukusudia siha ya mwili. Lakini tunaazima mafungu yake matatu kwa sababu yanatusaidia kuielewa historia ya sukari. Sukari iliingia kwetu katika fungu la tiba, ikahamia katika fungu la burudani, na mwisho ikawa chakula cha kila siku. Kila ilipohama fungu, kipimo chake kiliongezeka, na mwili wa mwanadamu haukubadilika kuifuata.

Sukari haikuwamo katika jiko la Madina

Neno sukari tumelipokea kutoka kwa Waarabu, wasemao sukkar. Wao walilipokea kutoka kwa Waajemi, wasemao shakar, na Waajemi walilipata kutoka katika lugha ya Kisanskriti ya India, ambamo sharkara maana yake ni changarawe. Safari ya neno ndiyo safari ya kitu chenyewe, kwani Wahindi ndio waliotangulia kuyachemsha maji ya muwa hadi yakaganda kuwa chembechembe. Waislamu walipoifungua Uajemi katika karne ya kwanza ya Hijra walikuta miwa ikilimwa katika nchi ya Khuzistan. Kutoka hapo kilimo hicho kilienea Iraq, Sham, Misri, Maghrib, Sicily na Andalusi. Wahispania walilichukua neno pamoja na alifu na lamu yake, na mpaka leo wanasema azúcar.

Ama katika Hijazi ya zama za Mtume (s.a.w.), utamu ulikuwa wa tende, zabibu na asali. Ni kweli, imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda halua na asali. Lakini msomaji asidhani kuwa halua hiyo ni hii tunayoijua sisi, inayopikwa kwa sukari na samli katika masufuria makubwa. Ibn Hajar katika Fath al-Bari ametaja kauli kuwa halua hiyo ilikuwa ni tende zilizochanganywa na maziwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa Imam Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 H/1350). Katika maelezo yake ya tiba ndani ya Zad al-Maad ameifikia sukari na kusema kuwa ni kitu kilichozuka baadaye, kwamba matabibu wa kale hawakuijua wala hawakuizungumzia, bali walichokijua ni asali. Hakuishia hapo, bali alitaja kuwa sukari hulidhuru tumbo lenye kuzalisha nyongo, na akaeleza kuwa madhara yake hupunguzwa kwa maji ya ndimu au ya matunda ya namna hiyo. Kwa hiyo, miaka mia saba iliyopita mwanachuoni mkubwa alikuwa akiihesabu sukari kuwa ni jambo jipya. Hoja ya mzee wetu inaanguka hapo.

Sukari katika mizani ya tabibu

Katika karne za Baghdad, sukari ilikuwa zaidi mikononi mwa matabibu na wauza dawa, na katika nyumba za watawala na matajiri. Al-Razi (aliyefariki 313 H/925) na Ibn Sina (aliyefariki 428 H/1037) waliitumia katika dawa za kifua na za tumbo, na pia kuficha uchungu wa dawa nyingine. Walichanganya sukari na maji ya waridi wakapata julabu. Waliichanganya na siki wakapata sikanjabini. Dawa hizi za maji ziliitwa sharab, na katika mzizi huohuo wa sh-r-b tumepata neno letu sharubati. Kinywaji tunachokiweka leo katikati ya sinia kina jina lililo ndugu wa jina la dawa.

La kuzingatia hapa ni kipimo. Vitabu vya dawa vya zama hizo, vilivyoitwa aqrabadhini, vilitaja kila kitu kwa uzani wa dirhamu na mithqali. Tabibu hakusema tia sukari hadi itoshe, bali alisema kiasi gani, kwa ugonjwa gani, na kwa mtu mwenye mwili wa namna gani.

Matabibu haohao waliujua ugonjwa wa kisukari. Waliuita kwa jina la Kiyunani, diyabitus, na Ibn Sina katika al-Qanun amelitaja pia jina la dulabu, yaani gurudumu la kuchotea maji, kwa kuwa mgonjwa hunywa maji na maji hayo hutoka upesi, kisha akarudi kunywa tena. Wao waliuhesabu zaidi kuwa ni ugonjwa wa figo. Matabibu wa India walikuwa wametambua tangu kale kuwa mkojo wa wagonjwa hawa una utamu wa asali na huvuta chungu.

Cairo na sukari ya burudani

Sukari ilihamia fungu la pili katika Misri. Nasir Khusraw, msafiri wa Kiajemi aliyekaa Cairo baina ya 1047 na 1050, alishuhudia karamu ya Idi ya mtawala wa Kifatimi. Amesimulia kuwa aliona mezani pambo la mfano wa mchungwa, matawi na majani yake yote yametengenezwa kwa sukari, na masanamu kwa maelfu ya sukari hiyohiyo. Katika zama za Mamluki, al-Nuwayri (aliyefariki 733 H/1333) alieleza hatua kwa hatua namna miwa ilivyopandwa, ikakatwa, ikakamuliwa na maji yake kupikwa huko Misri ya Juu. Naye al-Maqrizi (aliyefariki 845 H/1442) ametuachia habari za soko la wauza halua la Cairo. Mwezi wa Rajabu ulipoingia, maduka yalitundika kwa nyuzi masanamu ya sukari ya farasi, simba na paka, na watu wakawanunulia watoto wao.

Tazama, ndugu msomaji, namna utamu ulivyoshikana na misimu ya ibada. Haikuwa amri ya sheria. Ilikuwa ada ya mji tajiri, na ada ikikaa sana hudhaniwa kuwa ni Sunna.

Katika mji huo aliwahi kuishi Abd al-Latif al-Baghdadi (557–629 H/1162–1231), tabibu na mwanachuoni wa lugha. Katika kitabu chake juu ya Misri ameandika kuwa vyakula vyao vitamu ni vya ajabu, kwani hata kuku walimpika kwa vitu vya sukari vya kila aina. Na tabibu huyohuyo ameacha risala makhsusi juu ya ugonjwa wa kisukari. Hatusemi kuwa aliviunganisha viwili hivi, maana elimu ya zama zake haikuwa imefika huko. Lakini inatupa mazingatio kuwa mkono mmoja umeandika juu ya kuku wa sukari na juu ya gurudumu la maji.

Sukari iliposhuka bei

Hata hapo sukari ilikuwa bado ni ya wakubwa. Katika karne ya 16 wafalme wa Kisaadi wa Morocco waliiuza Ulaya, na Uingereza ikawa miongoni mwa wanunuzi wao. Mjerumani Paul Hentzner, aliyemwona Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1598, aliandika kuwa meno ya malkia yalikuwa meusi, na kwamba hiyo ni aibu iliyowapata Waingereza kwa kupenda sukari kupita kiasi. Maradhi ya sukari yalianza kuwapata walioweza kuinunua.

Kilichoifikisha sukari kwa kila mtu ni dhuluma. Wareno waliipanda Madeira katika karne ya 15 na baadaye São Tomé. Columbus alichukua miche ya miwa katika safari yake ya pili ya 1493. Baada ya hapo Brazil na visiwa vya Karibi viligeuzwa mashamba ya miwa, na waliolima walikuwa Waafrika waliotekwa. Wanahistoria wamehesabu kuwa takribani watu milioni 12 na nusu walipakiwa katika majahazi ya Atlantiki, na sehemu kubwa yao walipelekwa kwenye mashamba hayo. Sukari ikawa nyingi na bei ikaanguka. Mwingereza aliyekula takribani kilo 2 kwa mwaka mnamo 1700, mnamo 1800 alikula takribani kilo 8, na mwanzoni mwa karne ya 20 takribani kilo 40. Hili ni fungu la tatu, kwani sukari sasa imekuwa kitu cha kujikimu, ikanywewa ndani ya chai na kuliwa na mkate.

Wala pwani yetu haikusalimika. Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa, Morice, aliandikiana na Sultani wa Kilwa mkataba wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa, navyo ni Mauritius na Réunion za leo, ambazo katika karne ya 19 zilikuja kujaa miwa. Katika karne hiyohiyo bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu na Waswahili, yakilimwa na watumwa. Bushiri bin Salim al-Harthi, aliyewapiga vita Wajerumani tangu 1888 na kunyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Tunayataja haya kwa kuwa historia ni amana. Waliokamua miwa walikuwa Waafrika, na baadhi ya waliowamiliki walikuwa watu wa dini yetu.

Na je, kabla ya hapo wazee wetu walikula nini? Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331 na kukirimiwa. Ametaja wali kwa samli, vitoweo vya nyama, kuku na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Sukari hakuitaja katika karamu hiyo. Hata hivyo tuwe waadilifu, kwani amesema pia kuwa watu wa mji ule walikula sana na walikuwa wanene. Israfu haikuanza na sukari, ila sukari imeirahisisha. Viwanda vilipojengwa katika nchi zetu, Miwani nchini Kenya mwaka 1922 na Lugazi nchini Uganda mwaka 1924, sukari nyeupe ilikuwa njiani kuingia katika kila kijiji. Basi futari ambayo mzee wetu anaihesabu kuwa ya tangu na tangu, kwa walio wengi umri wake haujazidi umri wa babu zetu.

Wanayoyasema matabibu wa leo

Mwaka 1776, mwaka uleule wa mkataba wa Kilwa, tabibu wa Kiingereza Matthew Dobson alithibitisha kuwa kilichomo katika mkojo wa mgonjwa ni sukari, na kwamba damu yake pia ina utamu. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, waliipata insulini, na mwezi wa Januari 1922 kijana mmoja akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa sindano yake.

Muhtasari wa elimu hiyo ni huu. Sukari ya mezani imeundwa kwa sehemu mbili, glukosi na fruktosi. Glukosi huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini ili viungo viipokee. Fruktosi kwa sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini huigeuza kuwa mafuta. Mtu akiendelea hivyo miaka mingi, hasa kwa vinywaji ambavyo havishibishi, uzito huongezeka, ini hujaa mafuta, viungo huacha kuitii insulini, na kongosho huchoka. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili, kinachoweza kuharibu macho, figo, moyo na miguu.

Tusizidishe wala tusipunguze. Sukari si sababu pekee. Urithi una sehemu yake, na unene, kukaa bila ya kazi ya mwili, na wingi wa wali na unga mweupe vilevile. Na kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huwapata watoto, hakisababishwi na kula vitamu, wala haifai kumlaumu mzazi kwacho.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilielekeza kuwa sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu katika chakula, na ni bora ishuke chini ya nusu ya hiyo. Kwa mtu mzima wa kawaida, kikomo cha kwanza ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai kwa siku, na kilicho bora ni kutozidi vijiko 6. Katika hesabu hiyo huingia pia asali na juisi, hata kama ni ya matunda matupu. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na takribani gramu 30. Mwenye kunywa bilauri tatu za sharubati amekwishavuka mpaka kabla ya kugusa kaimati.

Na jambo hili linatuhusu hasa sisi. Katika ripoti ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya 2021, watu wazima wenye ugonjwa huu walikadiriwa kuwa milioni 537 duniani, na Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini ndilo eneo lililokuwa na kiwango cha juu kuliko yote, takribani watu wazima 16 katika kila 100. Nchi zilizoitoa sukari katika duka la dawa leo ndizo zinazougua zaidi.

Hukumu na nasaha

Sukari ni halali, na asili ya vyakula ni uhalali mpaka ije dalili. Hatumruhusu yeyote aseme kwa kalamu yetu kuwa ni haramu. Lakini aliyehalalisha vizuri ndiye aliyekataza israfu katika kula na kunywa (Al-Aaraf: 31), na kanuni ya kutojidhuru wala kumdhuru mwingine ni nguzo katika fiqhi yetu. Kwa hiyo kitu kimoja huweza kuwa ni mubaha kwa mtu, na kwa mwingine aliyethibitishiwa madhara na tabibu mwaminifu kikawa ni cha kujiepusha nacho.

Ama funga, Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha mwaka 2009 huko Sharjah iliwagawa wenye kisukari katika makundi manne. Makundi mawili ya mwanzo ni ya wale ambao kufunga kuna hatari kubwa kwao kwa uamuzi wa tabibu, na hao hawatakiwi kufunga. Makundi mawili mengine, ambao hali zao zimetulia, hawapewi ruhusa kwa jina la ugonjwa peke yake. Kabla ya hapo, mwaka 1997, Majmau hiyohiyo iliamua kuwa sindano isiyo ya kulisha haibatilishi funga, na kadhalika kutoa damu kwa ajili ya kupima. Basi mgonjwa amwendee tabibu wake kabla ya mwezi kuandama, na asione haya kuipokea ruhusa ya Mola wake.

Na Sunna ya kufuturu inajulikana. Ni tende mbichi, zikikosekana ni tende kavu, zikikosekana ni mafunda ya maji. Zilikuwa ni chache, wala hazikuwa sinia. Mwenye kutaka Sunna ataipata humo, na mwenye kisukari amuulize tabibu wake hata juu ya idadi ya tende. Nao wenye kukaribisha wageni wasimshike mtu mkono kwa halua na chai nzito baada ya kusema kuwa ni mgonjwa. Ukarimu ni kumpa mgeni kinachomfaa.

Tunarudi kwa mzee wetu. Kijiko cha sukari alichopewa ile Alasiri kilimwokoa, kwa kuwa kilikuwa ni dawa, kimetolewa kwa haja na kwa kipimo. Sukari ileile aliyoila usiku bila ya kipimo ilikuwa ikimuua. Wazee wetu wa tiba waliijua tofauti hiyo, ndiyo maana waliiweka sukari katika mizani. Tulipomsomea aliyoyaandika Ibn al-Qayyim alinyamaza kitambo, kisha akatutaka tumwandikie jina la kitabu, akamwoneshe mkewe. Ramadhani iliyofuata hakufunga, alilisha masikini, na jioni alikaa nasi akala tende moja na maji.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atujaalie kushukuru neema zake kwa kuzitumia kwa kipimo, na awarehemu wote waliodhulumiwa katika mashamba ya miwa. Wallahu aalam.